Fedha ya Serikali na Meza ya Mchuuzi: Miaka Hamsini ya Kujifunza



Jumapili moja baada ya Misa, vijana watatu wa kikundi chetu walitungoja mlangoni mwa kanisa. Wa kwanza hukaanga mandazi na kuyauza pale malori yanaposimama. Wa pili ni fundi wa baiskeli. Wa tatu ni binti anayeuza chumvi, sabuni na sukari juu ya meza moja sokoni. Wote watatu walikuwa na kilio kimoja: unga wa ngano, mipira ya baiskeli na katoni za sabuni vimepanda bei tena, na mnunuzi hana cha kuongeza. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kuna fedha inayotolewa kwa wenye biashara ndogo ili waweze kustahimili kupanda kwa bei. Ndipo wakauliza: "Mwalimu, fedha hiyo ya Leta itafika Mitwaba lini?"

Hatukuweza kuwajibu siku ile. Tuliwaomba watupe muda, kwa sababu swali lao ni la zamani kuliko umri wao. Wazazi wao waliliuliza, na babu zao pia. Nchi yetu imejaribu mara nyingi kumsaidia mfanyabiashara mdogo kwa fedha, kwa mali na kwa sheria. Yafuatayo ndiyo tuliyoyakusanya kutoka historia hiyo. Tunawaandikia ninyi nyote, maana twajua kwamba wengi wenu mmeanza au mnafikiri kuanza biashara ndogo.

Maneno manne yanayochanganywa

Tuanze na maneno. Ruzuku ni fedha au kitu ambacho mtu hupewa bila kudaiwa kukirudisha. Mkopo ni fedha inayorudishwa, hata kama riba yake ni ndogo. Dhamana ni ahadi ambayo Serikali huipa benki kwamba mdeni akishindwa kulipa, yenyewe italipa sehemu ya deni. Msamaha wa kodi ni kumwachia mtu kile ambacho angepaswa kulipa. Huku sokoni yote manne huitwa kwa jina moja, "fedha ya Leta", na mchanganyiko huo umewaumiza wengi. Aliyepewa mkopo hudhani amepewa zawadi. Na mwenye haki ya kusamehewa hulipa kila siku, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Tena tuelewe bei hupandaje hapa kwetu. Chumvi na sabuni za meza ile ya sokoni hazitengenezwi Mitwaba. Zinatoka Lubumbashi, na nyingi zimevuka kwanza mpaka wa Zambia. Muuzaji wa jumla huzinunua kwa dola. Lori hupita Likasi, kisha hushika njia ya kaskazini, na wakati wa masika huweza kukwama matopeni siku nyingi. Mafuta ya lori, chakula cha dereva na malipo ya kila kizuizi huongezwa juu ya bei. Mwisho wa safari hiyo yote yupo binti mmoja anayeuza kwa franka.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2023, dola moja ilikuwa kama franka 2,000. Mwishoni mwa mwaka uleule ilikuwa imepita franka 2,600. Mchuuzi aliyeweka franka 40,000 katika mkebe mwezi wa Januari alikuwa ameweka dola 20. Alipoufungua mkebe mwezi wa Desemba alikuta franka zake zote, hakuna iliyopotea. Lakini zilikuwa zimebaki kama dola 15. Robo ya mtaji wake ilikuwa imeondoka bila mwizi kuingia. Tukumbuke hesabu hii, maana itarudi mara nyingi katika historia tutakayosimulia.

Mwaka 1973: duka zima kama zawadi

Wakati nchi ilipoitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba, Serikali ilikuwa imeanza kwa hatua za kiasi. Mwaka 1970 iliundwa SOFIDE, shirika la kukopesha fedha za maendeleo. Mwaka 1973 iliundwa OPEZ, ofisi ya kuwaendeleza Wazaire wenye biashara ndogo na za kati kwa mashauri na mafunzo. Fikra ilikuwa nzuri: mtu asaidiwe kujifunza kazi, kisha asaidiwe kupata mtaji.

Lakini njia hiyo ni ya polepole, na wakuu wa nchi walitaka ya haraka. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na nyumba za biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa Wazaire. Wenyewe waliita jambo hilo uzairishaji. Wakati ule biashara nyingi za miji midogo ya Shaba zilikuwa za Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wabeleji. Kule Kasenga, kando ya mto Luapula, biashara ya samaki ilikuwa imeshikwa na Wagiriki kwa miaka mingi. Tusifiche kwamba watu wengi walifurahi. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiliwa kwa njia nyingi asiinuke katika biashara, na ilionekana kuwa haki sasa inarudi kwa mwenye nchi.

Ni nani basi waliopewa? Waliopewa maduka hawakuwa wauza chumvi wa sokoni, wala makarani waliokuwa wameyahudumia maduka hayo miaka kumi na kujua kila mteja. Kwa sehemu kubwa walikuwa viongozi wa chama na wa Serikali, pamoja na ndugu na marafiki zao, ambao walipewa kwa ahadi ya kulipa polepole baadaye. Wengi wao hawakujua namna ya kuagiza bidhaa wala kutunza daftari. Waliuza vilivyokuwamo dukani, wakatumia fedha yote, wala hawakujaza tena. Wauzaji wa jumla, ambao hapo zamani walikuwa wakitoa bidhaa kwa deni, wakakataa kuwaamini wenye maduka wapya. Rafu zikabaki tupu. Vijijini mkulima aliyezoea kubadilisha mahindi yake kwa kitambaa na chumvi hakumwona tena mnunuzi.

Msiba haukuja peke yake. Mwisho wa mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara nne duniani. Bei ya shaba ilifika kilele mwezi wa Aprili 1974, ikashuka zaidi ya nusu kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kupeleka shaba yetu baharini na kuleta bidhaa zetu. Gharama zilipanda kila upande, wakati uleule ambapo maduka yalikuwa mikononi mwa watu wasiojua kazi. Tarehe 30 Desemba 1974 Serikali ilitangaza kuchukua yenyewe nyingi za biashara hizo. Nayo ikashindwa. Kuanzia mwezi wa Novemba 1975, na zaidi mwaka 1976, ilianza kuwaita wageni warudi kushika mali zao.

Hata hivyo wapo waliokua bila zawadi hiyo. Mtaalamu Janet MacGaffey alichunguza wafanyabiashara wa Kisangani, na mwaka 1987 alitoa kitabu juu yao. Alionyesha kwamba kulikuwa na Wazaire, na wanawake kati yao, waliojenga biashara imara bila cheo serikalini. Walikuza mtaji wao kidogo kidogo, wakautunza, wakarudisha faida ndani ya kazi. Mtu aliyepewa duka bila jasho alikula duka. Aliyelijenga kwa miaka mingi alilijua na kulihurumia.

Mwaka wa sheria mbili

Mwaka 1979 unatufundisha zaidi. Tarehe 2 Agosti mwaka huo ilitolewa sheria ya biashara ndogo, iliyosema kwamba biashara ya rejareja na ya mtaani ni haki ya wananchi peke yao. Ilikuwa ni kumkinga mchuuzi asishindane na mwenye nguvu kuliko yeye. Sheria hiyo bado inatajwa hadi leo, kila wenyeji wanapolalamika juu ya wageni wanaouza rejareja.

Haikupita miezi mitano. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1979, ilitangazwa kwamba noti za zaire tano na za zaire kumi zimekufa. Wananchi walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliye mjini, karibu na benki, alipanga mstari. Aliye kijijini, mbali na benki na barabara, alisikia habari wakati muda umekwisha. Wazee wanaweza kuwasimulia juu ya mikebe iliyofukuliwa chini ya vitanda, imejaa karatasi zisizo na thamani tena.

Sheria ya Agosti ilimpa mchuuzi kinga, na tangazo la Desemba likamnyang'anya mtaji. Ndiyo sababu tunawaambia ninyi mnaopenda kuhesabu misaada: hesabuni pia kile ambacho mkono wa pili umechukua.

Miaka ya noti zisizo na thamani

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya zaidi. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka hata chini ya tani 40,000 katikati ya miaka ya 1990. Fedha ya nchi ilitegemea shaba hiyo. Serikali ikachapa noti nyingi ili kuziba pengo. Mwezi wa Desemba 1992 ilitoa noti ya zaire milioni tano. Wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa noti hizo wakaasi na kupora Kinshasa mwezi wa Januari 1993. Oktoba mwaka huohuo ilikuja zaire mpya, moja ikiwa sawa na milioni tatu za zamani, lakini ugonjwa uliendelea: mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Sisi tulikuwa vijana wa kujifunza ualimu wakati huo. Tulibeba mabunda ya noti kwa kununua vitu vya kujaza kikapu kimoja. Tuliona wachuuzi wakibadilisha bei asubuhi na tena jioni. Hapakuwa na ruzuku ya mtu yeyote. Walioendelea kusimama ni wale waliogundua siri moja: hawakulaza fedha usiku. Walichouza mchana walikigeuza jioni kuwa chumvi, betri au kitambaa, vitu ambavyo havioti kutu ya bei. Wengine waliungana katika likelemba, kila mwanachama akitoa kiasi sawa na kupokea jumla kwa zamu, ili fedha isikae mahali pamoja. Franka ya sasa ilizaliwa tarehe 30 Juni 1998, nayo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Watu elfu kumi na bahasha

Mwaka 2003 jimbo letu liliona tendo jingine kubwa. Gécamines haikuwa na uwezo tena wa kulipa wafanyakazi wake, na wengi walikuwa wamedai mishahara ya miezi mingi. Kwa fedha za Benki ya Dunia, Serikali iliwapa nafasi ya kuacha kazi kwa hiari na kupokea malipo ya mara moja. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikubali. Tumaini lilikuwa kwamba wataanza shughuli zao wenyewe: mashamba, vinu vya kusagia mahindi, maduka, magari ya abiria.

Wengine walifaulu, wala tusiwasahau. Lakini wengi walikuwa na madeni ya muda mrefu, na sehemu kubwa ya bahasha ilikwisha siku za kwanza kwa kuyalipa, kununua chakula na kurudisha watoto shuleni. Pamoja na kazi walikuwa wamepoteza hospitali na shule za kampuni. Tena maelfu ya watu walipata fedha wakati mmoja katika miji ileile, na wengi walifikiri biashara ileile. Barabara moja ikawa na vioski vingi vya namna moja, na wanunuzi ni walewale waliokosa mshahara. Mfanyakazi aliyejua kuendesha mashine miaka ishirini hakuwa mjinga. Alipewa mbegu bila shamba.

Wakati huohuo, sisi watu wa Mitwaba tulikuwa na msiba wetu. Eneo la Mitwaba, Pweto na Manono liliitwa pembetatu ya mauti. Vijiji viliteketezwa, watu wakakimbilia porini na mjini. Mwezi wa Mei 2006 mkuu wa wapiganaji, Gédéon Kyungu Mutanga, alijitoa hapa hapa Mitwaba. Lakini baada ya kutoroka gerezani mwaka 2011, hofu ilirudi tena. Mchuuzi aliyekimbia na mtoto mgongoni hakuacha tu nyumba. Aliacha mtaji, wateja na madeni ambayo hakuna atakayeyalipa. Mtu kama huyo ukimpa mkopo unamwongezea mzigo. Yeye ndiye ambaye ruzuku imewekwa kwa ajili yake. Tunalisema hili wazi, ili msije mkadhani tunadharau kila msaada.

Sheria mpya na miji iliyochaguliwa

Tangu hapo Serikali imejifunza mambo fulani. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka kodi nyepesi kwa biashara za watu wadogo. Yule ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayapiti franka milioni 10 alitakiwa kulipa franka 50,000 tu kwa mwaka kama kodi ya mapato. Aliyezidi hapo, bila kufika milioni 80, alilipa asilimia moja ya mauzo ya bidhaa, au asilimia mbili kama kazi yake ni huduma. Sheria za kodi hubadilika, na kila mmoja aulize ile ya mwaka wake. Lakini tazameni: ni wachuuzi wangapi waliojua kwamba sheria hiyo ipo? Mtu anayelipa kila siku kwa kila anayekuja na daftari, bila kupewa karatasi, mwisho wa mwaka huweza kuwa amelipa mara nyingi zaidi ya kile sheria ilichotaka.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 100 kwa mradi wa Serikali wa kuendeleza biashara ndogo na za kati, unaojulikana kama PADMPME. Mradi huo uliwafanyia vijana mashindano ya mipango ya biashara, na washindi walipewa ruzuku. Ilikuwa hatua mbele ukilinganisha na mwaka 1973, kwa sababu safari hii mtu alipaswa kuonyesha anachotaka kufanya, si kuonyesha anamjua nani. Lakini miji iliyochaguliwa mwanzoni ilikuwa minne: Kinshasa, Matadi, Goma na Lubumbashi. Mwaka 2020 OPEZ ya zamani, iliyokuwa imeitwa OPEC, iliachia nafasi ANADEC, na pamoja nayo ukaundwa FOGEC, mfuko wa kuwawekea wafanyabiashara dhamana kwenye benki. Mwaka 2022 ulifuata mradi mwingine wa dola milioni 300, TRANSFORME, unaowaangalia hasa wanawake wenye biashara. Na mwezi wa Septemba mwaka huo ilitolewa sheria ya kuwaendeleza wanaoanzisha kazi.

Haya yote ni mema. Hata hivyo dhamana ya benki humfaa aliye na benki karibu, na shindano la mipango humfaa aliye na intaneti na mtu wa kumsaidia kuandika Kifaransa cha ofisini. Wakati wa Covid-19, mwaka 2020, Serikali iliahidi maji na umeme wa bure kwa miezi miwili. Mjini watu walishukuru. Lakini kule ambako waya wa SNEL haufiki, hakuna deni la umeme la kusamehewa.

Majirani nao wamepita njia hii. Tanzania ilifanya mwaka 2018 kuwa lazima ya kisheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwezi wa Aprili 2023 ilibidi mikopo hiyo isimamishwe, baada ya mkaguzi mkuu kuonyesha fedha nyingi hazikurudishwa, hata kukiwa na vikundi visivyoonekana. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunapenda mambo mawili katika mfano huo. La kwanza, fedha iligawanywa kwa kanuni inayojulikana hadi wilaya ya mbali kabisa. La pili, mkaguzi alisema kweli mbele ya watu wote, na kosa likasahihishwa.

Tunachotoa katika historia hii

Mara zote tulizosimulia, fedha ilianza kwa kuwafikia walio karibu na meza ya ofisi: mwaka 1973 walikuwa wenye vyeo, na siku hizi ni wenye kuishi katika miji iliyochaguliwa. Na mara zote chanzo cha bei kupanda kilikuwa mahali pengine: katika noti inayoshuka, katika barabara iliyokatika, katika malipo ya njiani yasiyo na karatasi. Ruzuku humpa mchuuzi pumzi ya miezi michache. Chanzo kisipoguswa, gharama hula ruzuku ileile. Mwaka 2008 ulianzishwa mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaopata fedha kutoka kila lita ya mafuta inayouzwa. Maana yake kila katoni ya sabuni inayofika Mitwaba imekwisha kuilipia barabara. Tuna haki ya kuuliza barabara hiyo iko wapi. Kadhalika mpango wa maendeleo wa wilaya 145, ulioanza miaka ya 2021 na 2022, unaihusu Mitwaba kwa jina lake. Kujua kinachoahidiwa humo, na kuuliza kwa adabu na kwa maandishi, ni kazi ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuifanya.

Katika mafundisho ya Kanisa juu ya jamii kuna neno linalogusa jambo hili. Mwaka 1931 Papa Pio wa Kumi na Moja, katika barua Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoweza kuifanya mwenyewe, bali amsaidie aifanye. Neno la Kilatini lililotumika kwa msaada huo ni subsidium, na ndilo lililozaa jina la ruzuku katika Kifaransa. Kwa asili lilikuwa neno la jeshi: kikosi cha akiba kinachokaa nyuma, tayari kuwaimarisha walio mbele. Kikosi hicho hakipigani vita peke yake, na wala hakilali wakati walio mbele wanaanguka.

Tuliporudi kwa wale vijana watatu, tuliwaambia ukweli: hatujui siku ambayo fedha ya mradi itafika hapa, na hatutaki waisubiri huku wamekaa. Tuliwashauri mambo matatu. Waandike daftari, kwa sababu bila daftari hakuna mradi utakaowasikiliza, na wao wenyewe hawatajijua. Waende pamoja ofisini kuomba orodha ya kodi halali, na wadai karatasi kwa kila malipo. Na wahesabu mtaji kwa bidhaa, wasiuhesabu kwa franka.

Juma lililofuata binti wa meza ya chumvi alileta daftari lake. Mwezi wa Januari alikuwa na fedha ya kununua katoni kumi na moja za sabuni. Sasa alikuwa na franka nyingi kuliko za Januari, na alikuwa akijiona amepata faida. Alipogawa kwa bei mpya, zilitosha katoni nane. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikila katoni tatu bila kujua." Tangu siku hiyo, kila anapouza katoni, kwanza huweka kando bei ya kuirudisha, ndipo hutazama kilichobaki. Likelemba ya watu sita imeanza kati yao. Nao wanaandika barua ya kuulizia orodha ya kodi. Imekwisha kusahihishwa mara mbili.

Kwa kutafakari katika kikundi

1. Waulizeni wazee wawili katika mtaa wenu: mwaka 1979 au mwaka 1993 walipoteza nini, na waliwezaje kuanza tena?

2. Tukipewa leo ruzuku moja kwa kikundi kizima, tungempa nani kwanza: mwenye mpango mzuri, au aliyepoteza vyote? Kwa kanuni gani, na nani atakagua?

3. Katika bidhaa moja mnayoiuza au kuinunua, hesabuni ni sehemu gani ya bei inatokana na barabara, na sehemu gani na malipo ya njiani. Tunaweza kumwandikia nani juu ya hayo?

4. Mtaji wenu wa Januari ulikuwa katoni ngapi, na leo ni ngapi?